Upande wa Pili wa Seng'enge

Miaka tisa nimekaa upande ule wa seng'enge,
na rungu, tochi, chupa ya chai ya rangi,
nikilinda usingizi wa watu.
Karura ilikuwa mgongoni mwangu. Niliijua kwa masikio tu:
perere, saa saba za usiku,
huanza kama mlango usiotiwa mafuta
kisha hupiga yowe, kama mtu aliyekumbuka deni.
Niliwajua bundi, yupi ana haraka, yupi hana.
Na kuna mkwaruzo wa majani makavu
uliowahi kunitoa jasho katikati ya Julai.

Leo Jumamosi sina zamu.
Nimemshika Wakesho mkono hadi langoni.
Mama wa tiketi akauliza, "Mkazi au mgeni?"
Nikakosa jibu la haraka.
"Mkazi," akasema Wakesho. "Baba hulala hapa."
"Silali," nikamsahihisha. "Hukesha."
Tukacheka wote watatu, nikalipa kwa simu.
Kwetu Wundanyi hatulipi kuuona mti;
mti ndio unaotuona sisi
tukipita tumeinama, kuni mgongoni.

Njia ni nyekundu, imelainika kwa mvua ya jana.
Watu wanakimbia bila kufukuzwa.
Mbwa mmoja amefungwa kamba
nzuri kuliko mshipi wangu.
Kila njia panda ina kigingi, kila kigingi kina namba,
na Wakesho anazisoma kwa sauti ya mwalimu:
"Kumi na nne, Baba. Tukipotea, tutasema tuko kumi na nne."

Karibu na mianzi alitupita mama mwenye nyumba,
yule yule, kofia nyeupe, pumzi fupi fupi.
"Habari zenu!" akasema, akanitazama usoni,
akaenda zake.
Sikuwa na sare.
Miaka tisa namfungulia geti,
na salamu ile ilikuwa ya kwanza kunifikia machoni.
Wakesho akauliza kama ninamjua.
Nikasema, "Anakimbia vizuri."

Maporomoko ya maji hayakumridhisha.
"Ni haya tu?" Alitaka ngurumo, upinde wa mvua.
Akavua kandambili hata hivyo, akatia miguu,
akapiga kelele kwa baridi,
na kima mmoja juu ya tawi akaacha kula
ili amsikilize.
Pangoni alinikamata koti kwa mikono miwili.
Harufu ya popo, tone moja, kisha jingine.
"Baba, wewe huogopi?"
Giza ndilo linalolipa karo yako, nilitaka kusema.
Nikasema, "Hatua moja, kisha nyingine."

Tulimtafuta perere mpaka shingo zikauma.
Kila tundu la mti tuliliita kwa jina lake.
Hakuna.
Mchana na yeye hulala, kama mimi,
mapazia yamefungwa, redio ya jirani ikivuma.

Kisha njia ikatufikisha mpakani,
na pale, kupitia nyaya, nikaliona geti la kijani.
Na kiti changu cha plastiki,
mguu wake mmoja umefungwa kwa waya.
Sikujua kuwa ni kidogo vile.
Sikujua kuwa kutoka huku
kinaonekana kama kitu kilichosahauliwa na mvua.
"Kile kiti ni cha nani?"
"Cha kazi."
Akanyamaza. Akaokota kokwa chini ya mti,
kavu, ngumu, yenye mistari,
akairusha juu ya seng'enge kwa nguvu zake zote.
Ikagonga kiti: tok.
"Ukija zamu utaikuta," akasema,
akaanza kuhesabu vigingi kurudi nyuma.

Jumapili usiku nilifika mapema.
Nikaweka chai chini, nikawasha tochi,
nikapiga magoti kwenye nyasi za mwenyewe.
Nyuma yangu mlango usio na mafuta ukaanza kulia,
ukapanda, ukawa yowe.
Sikugeuka.
Niliendelea kupapasa.